Breisi ukubwani: anza na fizi, waya zitafuata

Nilirudi kwa daktari wa meno nikiwa na miaka 41, baada ya miaka 11 ya kutokanyaga huko, na nilikuwa na ombi moja tu: nifungwe breisi, zile waya za kunyoosha meno. Meno yangu mawili ya mbele, ya juu, yalikuwa yameachana, na moja lilishaanza kutokeza hata nikifumba mdomo. Daktari alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza, "Yalikuwa hivi tangu utotoni, au yamesogea?"

Yalikuwa yamesogea. Katika picha zangu za miaka ya ishirini na kitu yamekaa pamoja, hakuna hata mwanya. Mimi nilidhani ni uzee unakuja. Kumbe meno ya mtu mzima hayatawanyiki yenyewe bila sababu. Yakianza kufunguka kama vidole vya mkono, hasa ya mbele, mara nyingi ni kwa sababu mfupa unaoyashika umeliwa na ugonjwa wa fizi. Ukiyavuta kwa waya wakati ugonjwa ungali hai, mfupa unaendelea kuisha, tena kwa kasi zaidi, na unaweza kumaliza safari ukiwa na meno yaliyonyooka yanayocheza mdomoni.

Kwa hiyo mwongozo huu umekaa kwa mpangilio ambao wengi hatuutarajii. Breisi zenyewe zinakuja katikati.

Kabla hujaenda

Kinachowazuia wengi si maumivu, ni aibu. Mtu anaogopa kufungua mdomo mbele ya mtu mwingine na kugombezwa kama mtoto. Mimi niliahirisha miadi mara tatu kwa sababu hiyo, na kila kuahirisha kulinigharimu. Dawa niliyoipata ni kusema yote mapema, kwenye simu ya kuomba nafasi, kabla sijaonana na mtu uso kwa uso: "Sijamwona daktari wa meno kwa miaka 11. Fizi zinatoka damu. Naomba zipimwe zote kabla ya jambo lolote." Ukishalisema hilo, hakuna tena cha kuficha ukifika. Na ukikutana na daktari anayekugombeza badala ya kukutibu, tafuta mwingine. Hudaiwi kuvumilia kudhalilishwa ili upate huduma.

Andika kwenye karatasi mambo haya uende nayo: magonjwa uliyonayo, dawa zote unazotumia, kama unavuta sigara au kutafuna tumbaku, na kama una mimba au unatarajia. Kisukari kisichodhibitiwa huchochea ugonjwa wa fizi, na ugonjwa wa fizi nao hufanya sukari iwe ngumu kudhibiti, kwa hiyo daktari lazima ajue. Dawa za kuzuia damu kuganda, na zile za kuimarisha mifupa wanazopewa watu wenye mifupa iliyolegea, zinaweza kubadilisha mpango mzima, maana zile za mifupa zinaingilia kazi yenyewe ya meno kusogea.

Kuhusu sigara kuna jambo moja linalowapoteza wengi. Mvutaji hutokwa na damu kidogo kwenye fizi kuliko asiyevuta, kwa sababu nikotini inabana mishipa midogo. Anajiona salama wakati mfupa unaliwa chini kwa chini. Usiihesabu fizi kavu kuwa fizi nzima.

Na usiache kupiga mswaki kwa kuogopa damu. Fizi inayotoka damu inaomba kusafishwa zaidi, kwa mkono mwepesi.

Siku ya kwanza: omba vipimo, usiombe waya

Mambo mawili yafanyike: eksirei zinazoonyesha mizizi na mfupa, na upimaji wa fizi jino kwa jino. Hili la pili ndilo linalorukwa mara nyingi, na ndilo lenye majibu.

Daktari huchukua kijiti chembamba cha chuma chenye alama za milimita, akakipenyeza taratibu kati ya jino na fizi mpaka kigote. Kila jino hupimwa sehemu sita, tatu kwa nje na tatu kwa ndani. Mtu mwenye meno 28 anatoka na namba 168. Mimi nilikuwa nimelala, taa usoni, daktari anataja na msaidizi anaandika: "Tatu, mbili, tatu. Tatu, tatu, nne." Nilikuwa naanza kupumua. Akafika meno ya mbele ya juu: "Sita, tano, saba." Hakuna aliyenieleza lolote wakati ule, lakini kwa jinsi msaidizi alivyoandika polepole, nilielewa.

Namba zenyewe zinasomeka hivi. Milimita 1 mpaka 3 bila damu ni hali nzuri. Kuanzia 4, tena ikiwa panatoka damu, kuna mfuko ambamo uchafu umejificha mahali mswaki haufiki. Kuanzia 6 mfuko ni wa kina na unahitaji kazi ya ziada. Hapo hapo daktari atajaribu kutikisa kila jino kuona kama linacheza, na ataangalia fizi ilivyorudi nyuma na kuacha mzizi wazi.

Omba nakala ya namba hizo. Usione haya, ni mwili wako. Ndizo zitakazokuambia baada ya miezi kama unapona au la, na bingwa wa kupanga meno atazitaka.

Kama siku hiyo una jino linalouma usiku, uvimbe wa usaha au homa, hilo linatangulia kila kitu. Na uvimbe ukipanda usoni au shingoni, ukashindwa kumeza, kufungua kinywa au kupumua vizuri, usisubiri miadi. Nenda hospitali saa hiyo hiyo.

Kusafishwa mpaka chini ya fizi

Utando laini unaoota kwenye meno kila siku unaondoka kwa mswaki. Ukiachwa, unagandamana na madini ya mate na kuwa ugaga, ule ukoko mgumu wa njano au wa kahawia. Ugaga hautoki kwa mswaki hata usugue mpaka mikono iume, na wala usijaribu kuukwangua mwenyewe kwa sindano au wembe. Anautoa daktari kwa mashine inayotetema na kurusha maji, na kwa vyuma vya mkono. Kwenye mifuko ya kina anaingia mpaka kwenye mzizi, chini ya ganzi, na kazi inagawanywa katika ziara mbili au zaidi.

Haikuniuma kama nilivyoogopa. Kilichonishtua kilikuwa kingine. Nyuma ya meno yangu ya mbele ya chini ugaga ulikuwa umejenga ukuta mmoja mzima, ulimi wangu ukauzoea kwa miaka kama sehemu ya kinywa. Ukuta ule ulipokatika, vipande vikaanguka juu ya ulimi kama kokoto, na hewa baridi ikapita mahali ambapo haijawahi kupita. Niliporudi nyumbani nililia kidogo, nikiamini wamenitoboa meno. Nafasi zile zilikuwa zangu toka mwanzo, zilikuwa zimezibwa tu.

Nakuandaa kwa sababu wengi hukatia tamaa hapa. Baada ya usafishaji huo meno huonekana marefu zaidi kwa kuwa fizi iliyovimba imenywea. Baridi itakuchoma kwa wiki kadhaa. Meno mengine yatahisi kulegea zaidi kwa siku chache, kisha mengi hukaza kadiri fizi inavyopona. Hakuna kilichoharibika. Dawa ya meno ya kupunguza mchomo wa baridi inasaidia ukiipaka kwa kidole mahali panapochoma na kuiacha hapo.

Siku hiyo pia omba ufundishwe kusafisha katikati ya meno, na ufundishwe mdomoni mwako mwenyewe huku umeshika kioo. Uzi wa meno unafaa pale meno yamebanana. Pale fizi imerudi nyuma, vibrashi vidogo vya kupenyeza kati ya meno vinafanya kazi vizuri zaidi. Vina saizi tofauti, na saizi sahihi ni ile inayogusa pande zote mbili bila kulazimishwa. Mimi natumia saizi tatu: meno ya nyuma yana yake, ya mbele yana yake, na kuna nafasi moja tu inayotaka kubwa.

Yaliyooza, yaliyovunjika na yasiyokuwepo

Matundu yazibwe sasa. Jino linalohitaji kutibiwa mzizi litibiwe sasa, na lisiwape watu hofu: jino lililotibiwa mzizi vizuri linasogezwa kwa waya kama mengine, maana kinachobadilika ili jino lisogee ni mfupa unaolizunguka, na huo bado uko hai.

Lakini kazi kubwa za kudumu, kama vifuniko vya kaure, madaraja ya meno na implanti (mizizi bandia inayopandikizwa kwenye mfupa), kwa kawaida husubiri. Sababu ni ya kimaumbile na inafaa kuielewa. Jino la asili halijashikana na mfupa moja kwa moja. Kati yake na mfupa kuna nyuzi nyembamba, unene wake ni sehemu ndogo tu ya milimita, na nguvu ya waya hupitia kwenye nyuzi hizo. Upande unaobanwa, seli hula mfupa. Upande unaovutwa, seli nyingine hujenga mpya, na jino linasonga. Implanti haina nyuzi. Imeshikana na mfupa kama mzizi wa chuma, na ikishawekwa haitikisiki kwa waya yoyote. Ukiiweka mahali pasipofaa kabla ya meno kupangwa, mpango mzima utalazimika kuizunguka.

Wenye mapengo ya miaka mingi wana hesabu nyingine. Gego likitoka, la nyuma yake huinama kuelekea pengo, na lile la taya la pili huteremka au kupanda kutafuta mwenzake. Breisi zinaweza kulisimamisha tena lililoinama na kutengeneza nafasi ya jino la bandia. Kuliziba pengo lenyewe kwa kuvuta meno kunawezekana wakati mwingine, ila mfupa wa pengo la zamani huwa umesinyaa na kuwa mwembamba kama ukingo wa bakuli, na jino haliingii hapo kirahisi. Daktari wa kawaida wa meno na bingwa wa kupanga meno lazima waongee wao kwa wao kuhusu hili. Usikubali kuwa wewe ndiye tarishi unayebeba maneno ya huyu kwenda kwa yule, kwa sababu yatapotea njiani.

Kipimo cha pili ndicho kinachoamua

Baada ya miezi kama 3 fizi hupimwa tena, namba zote upya. Kipindi hiki ndicho kilichonichosha zaidi, kwa kuwa kwa macho hakuna kinachoonekana: mwanya uko pale pale, jino limetokeza vile vile, nawe kila usiku uko mbele ya kioo cha bafuni na vibrashi. Vumilia. Unachotafuta ni damu kupungua na mifuko kuwa mifupi. Ile saba yangu iligeuka nne. Palipobaki na kina, nilisafishwa tena, na wengine hufanyiwa upasuaji mdogo wa fizi.

Mfupa uliokwisha kupotea haurudi wenyewe kwa kupiga mswaki. Hilo lilinisikitisha, nami sikufichi. Lakini kupungukiwa mfupa peke yake hakukunyimi breisi. Meno yenye mfupa pungufu husogezwa salama iwapo uvimbe umetulia, nguvu ni ndogo, na usafi haulegei. Kinachozuia ni ugonjwa ulio hai. Ukikutana na mtu aliye tayari kukufunga waya bila kuzipima fizi zako, ondoka kwenye kiti hicho.

Kwa sababu hiyo hiyo naogopa huduma za kuagiza vibao vya plastiki vya kunyoosha meno kwa posta, ambazo mtu anajipima mwenyewe nyumbani na kutuma. Hakuna eksirei, hakuna aliyegusa fizi yako. Na kuna jambo baya zaidi ambalo watu hufundishana: kufunga raba kwenye meno mawili ya mbele ili kuziba mwanya. Jino ni nene sehemu inayoonekana na jembamba kuelekea kwenye mzizi, kwa hiyo raba huteleza ikapanda chini ya fizi, haionekani tena, na inaendelea kukata nyuzi zote zinazolishika jino. Watu wamepoteza meno mazima, yasiyo na tundu hata moja, kwa raba moja. Usiwahi, hata kwa usiku mmoja.

Kwa bingwa wa kupanga meno

Atapiga picha, atachukua umbo la meno yako kwa mashine au kwa udongo maalumu, na atapima taya kwa eksirei ya pembeni. Mtu mzima taya zake zimemaliza kukua. Kama tatizo ni taya moja kuwa mbele au nyuma mno ya nyingine, breisi peke yake zitapanga meno bila kurekebisha uso, na huenda ukaambiwa kuhusu upasuaji wa taya. Una haki ya kuukataa na kuuliza nini kinawezekana bila huo.

Uliza maswali haya, na usiondoke bila majibu unayoyaelewa:

"Mfupa wangu ulivyo, jino lipi lina hatari kubwa, na utalilindaje?" Jino lenye mfupa mfupi ni kama nguzo iliyofukiwa nusu: msukumo ule ule unaliinamisha badala ya kulisogeza. Bingwa mzuri atakuambia atatumia nguvu ndogo, na pengine skrubu ndogo za muda kwenye mfupa ili avutie hapo badala ya kuyategemea meno mengine.

"Magego yangu utayazungushia pete au utayabandikia vishikizi, vile vipande vidogo vinavyoshika waya?" Pete inayozunguka jino inakaa karibu na fizi na hukusanya uchafu. Kwa mwenye historia ya fizi, kubandika kwa kawaida ni bora.

"Nitabaki na pembe nyeusi?" Hili hakuna aliyeniambia mpaka nikaliona mwenyewe kwenye kioo. Meno yaliyopandana yakinyooka, na fizi kati yake ilishapungua, hubaki kijinafasi cheusi cha pembetatu karibu na fizi. Kinaweza kupunguzwa kwa kusugua kidogo sana ubavu wa meno ili yakae karibu zaidi, au kwa kujaziwa. Ukijua mapema unajiandaa. Usipojua unadhani umeharibiwa.

"Nani atanisafisha meno, na kila baada ya muda gani?" Jibu zuri kwa watu wa aina yetu ni kila miezi 3 au karibu na hapo, muda wote wa matibabu. Anayekaza waya si lazima awe ndiye anayesafisha, hivyo miadi ni ya aina mbili, na wengi huisahau ya pili.

"Nitavaa nini baada ya breisi kutoka, na kwa muda gani?" Jibu ni maisha yote. Akikuambia mwaka mmoja, muulize tena.

Chuma, kaure au plastiki

Chuma ni imara, ni dogo, na halivunjiki ovyo. Vishikizi vya kaure vina rangi ya jino, ila ni vinene zaidi na vinavunjika kwa urahisi, na vile viraba vinavyoshika waya hubadilika rangi. Kuna zinazofungwa upande wa ndani wa meno, hazionekani kabisa, lakini kuzisafisha ni kazi ngumu, na kwa mwenye fizi dhaifu nisingemshauri.

Vibao vya plastiki angavu, ambavyo wengi huviita alaina, vina faida moja kubwa kwetu: vinavuliwa, unapiga mswaki kama kawaida. Faida hiyo hiyo ndiyo mtego wake. Vinatakiwa vikae mdomoni saa 20 mpaka 22 kwa siku. Unavivua kula, unasafisha meno, unavirudisha. Mtu anayevivua kwa chai, kwa mkutano, kwa kicheko cha jioni, hafiki. Na ukinywa kitu chenye sukari ukiwa navyo, sukari inafungiwa kwenye jino bila mate ya kuiosha. Mimi najijua. Nilichagua chuma kwa sababu sikujiamini kuvirudisha, na sijajuta.

Muda wa kawaida ni kati ya mwaka 1 na miaka 2 na nusu. Jino husogea takriban milimita 1 kwa mwezi, na kukaza zaidi hakuharakishi. Nguvu kubwa inaua nyuzi upande unaobanwa, na jino linasimama mpaka mwili usafishe hapo.

Wiki ya kwanza

Kubandika hakuumi. Meno hukaushwa, hupakwa tindikali nyepesi, kisha gundi, kisha taa ya bluu. Maumivu huanza saa chache baada ya waya kuingia, hufika kilele siku inayofuata, na hupungua ndani ya wiki. Ni maumivu ya kubanwa, unayasikia zaidi unapong'ata. Parasetamoli inatosha kwa wengi. Kula laini. Mashavu yakikwaruzwa, kausha kishikizi kwa kitambaa kisha kibandike nta, ukubwa wa punje ya mchele. Suuza kwa maji ya uvuguvugu yenye chumvi.

Vitu vigumu na vya kunata viache: barafu, mifupa, peremende za kuvutika. Tunda gumu likate vipande, ulitafunie nyuma.

Dakika kumi za kila usiku

Hapa ndipo matibabu yanaposhinda au kushindwa. Kishikizi kimoja kina ukingo wa juu, ukingo wa chini na mbavu mbili, na utando unapenda kukaa hasa kati ya kishikizi na fizi.

Anza na vibrashi vya katikati, kabla ya mswaki, kwa kuwa ukianza na mswaki utajidanganya umemaliza. Pitisha kimoja chini ya waya, kila nafasi, mbele na nyuma mara mbili au tatu. Kisha mswaki laini, umeinamishwa kuelekea kwenye fizi, safu ya juu ya vishikizi yote. Kisha uinamishe upande wa pili, safu ya chini yote. Kisha ndani, kisha juu ya magego. Malizia na mswaki wenye kishada kimoja kidogo kwa gego la mwisho, lile ambalo mswaki wa kawaida haulizunguki. Dawa ya meno iwe na floraidi sehemu 1350 mpaka 1500 kwa milioni, na mwenye meno yanayooza sana huandikiwa na daktari yenye 5000. Tema, usisuuze kwa maji, ili floraidi ibaki kazini.

Asubuhi mswaki tena, na baada ya mlo wa mchana walau vibrashi. Sukari ipunguzwe idadi ya mara kuliko kiasi: glasi moja inayonywewa kwa dakika tano ni afadhali kuliko ile ile inayonyonywa mchana kutwa. Baada ya breisi kutoka, mtu aliyezembea hukuta madoa meupe ya chaki, mraba kamili kuzunguka mahali kishikizi kilipokuwa. Ni mwanzo wa kuoza, na hayafutiki kirahisi.

Ukiona haya, piga simu

Kishikizi kikibanduka, usikivute. Kiache kwenye waya, kifunike kwa nta, omba miadi. Waya ukichoma shavu, usukume taratibu kwa ncha ya kifutio cha penseli safi au ufunike kwa nta.

Damu ikirudi mahali ilipokuwa imekoma, usaha ukitoka ukibonyeza fizi, au jino moja likianza kucheza kuliko wenzake, usingoje ziara ijayo. Kucheza kidogo ni kawaida kwa jino linalosogezwa, ila liwe sawa na jirani zake. Daktari anaweza kusimamisha kuvuta kwa miezi kadhaa, atibu fizi, kisha aendelee. Mimi nilisimamishwa kwa wiki 8 kwa sababu ya mfuko mmoja uliorudi. Nilidhani yote yamekwisha. Yaliendelea, na mfuko ule ukafunga.

Omba pia eksirei ndogo katikati ya matibabu, miezi 6 mpaka 12 baada ya kuanza, kuangalia urefu wa mizizi. Mizizi ya watu wengi hufupika kidogo sana bila madhara. Kwa wachache hufupika zaidi, na ni bora kujulikana wakati bado unaweza kupumzishwa.

Riteina

Breisi zikitoka, meno yatakuwa laini ajabu chini ya ulimi na yatataka kurudi yalikotoka siku hiyo hiyo. Nyuzi zilizovutwa bado zinakumbuka, na mfupa mpya bado mchanga. Usitoke kliniki bila riteina, yaani kitu cha kuyashika. Mimi nilibandikwa waya mwembamba nyuma ya meno sita ya mbele, juu na chini, na juu yake nikapewa kibao cha plastiki cha kuvaa usiku.

Waya wa ndani una udhaifu mmoja: unaweza kubanduka kwenye jino moja bila wewe kujua, kwa kuwa umebaki umeshika mengine. Kila mwezi nabonyeza kila jino kwa ukucha kutokea ndani na kutazama kwenye kioo kama waya unaachana nalo. Vibrashi vinapita chini yake kama zamani. Kibao cha usiku kinaoshwa kwa maji ya baridi na sabuni, kamwe si ya moto, maana kitapinda. Usikifunge kwenye karatasi ya kupangusia mkono ukila, kinaishia kwenye takataka. Nenda nacho kila miadi ya kusafisha.

Usiku ambao kibao kitaingia kwa kubana, meno yameanza kusogea: kivae usiku na mchana mpaka kilegee, na mpigie daktari asubuhi. Kisipoingia kabisa usikilazimishe. Kikivunjika au kupotea, agiza kingine siku hiyo. Na nyumbani weka karatasi ya namba zako za fizi, ile ya kwanza na ya mwisho, pamoja na kibao cha akiba.